Umechomoa hedifoni, spika ziko kimya: hatua za kurudisha sauti ya kompyuta mpakato

Umechomoa hedifoni ili na mwenzako asikie, spika zimebaki kimya. Au umechomeka hedifoni, na spika zinaendelea kulia chumba kizima kana kwamba hujagusa kitu. Maswali haya naulizwa kila mara, na wengi wanaoniuliza huwa wameshafuta draiva (programu inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa), wameshapakua programu wasizozijua, na wengine wameshaweka mfumo (Windows, macOS au Linux) upya kuanzia mwanzo. Ndiyo maana nimeziandika hatua hizi kwa mpangilio, kuanzia jambo la sekunde kumi hadi jambo la fundi. Tafadhali zifuate kwa mpangilio huohuo. Mara nyingi sauti haijapotea. Inatoka, ila inatokea mahali usiposikiliza.

Nadharia ni hii tu. Ndani ya tundu la hedifoni mna kiswichi kidogo. Pini ikiingia hukisukuma, kadi ya sauti, yaani saketi ya kompyuta inayotoa sauti, ikajua kuna kitu kimechomekwa, ikauarifu mfumo, mfumo ukahamisha sauti, na programu unayoitumia ikafuata. Kwa hiyo sauti inaweza kukwama sehemu tatu: kwenye tundu, kwenye mfumo, au kwenye programu. Kazi yetu ni kujua imekwama wapi kabla ya kurekebisha chochote.

Majina ya vitufe nitayaandika kwa Kiingereza kama yalivyo kwenye skrini, kwa sababu ndivyo utakavyoyakuta.

Andaa hivi kwanza

- Hedifoni unayoitumia, na nyingine moja ya kuazima ikiwezekana.
- Simu au kifaa kingine chenye tundu la hedifoni la milimita 3.5.
- Wimbo au video iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta. Usitegemee video ya intaneti, maana mtandao ukisuasua utadhani ni sauti.
- Tochi. Ya simu inatosha.
- Kijiti cha meno cha mbao, na pamba kidogo. Vitahitajika tu tukifika kwenye usafi.
- Nenosiri la akaunti yenye mamlaka ya kubadilisha mipangilio. Kompyuta ya ofisini inaweza kukukatalia hatua za mwisho. Ikikukataa, mwone anayeisimamia badala ya kutafuta njia ya mkato.

Hatua kwa hatua

1. Shusha sauti, kisha ondoa vinavyoweza kuikimbiza.

Shusha sauti hadi karibu robo kabla ya kuvaa chochote masikioni. Kompyuta nyingi hukumbuka kiwango cha spika na cha hedifoni kila kimoja peke yake, hivyo spika zinaweza kuwa chini na hedifoni ikaja na mlio wa kuumiza sikio. Hili nalisisitiza kwa sababu sikio likiharibika halirudi, na katikati ya kutafuta kosa watu hupandisha sauti hadi mwisho wakiwa wameivaa.

Kisha zima Bluetooth kwa muda, na chomoa kebo ya HDMI pamoja na kitu chochote cha USB chenye sauti, kama kamera au kituo cha kuunganishia vifaa. Skrini ya nje ikichomekwa kwa HDMI inaweza kuhesabiwa kuwa kifaa cha sauti hata kama haina spika, na mfumo unaweza kuipelekea sauti yote. Visikizi vya Bluetooth vilivyosahaulika kwenye mkoba navyo hujiunga vyenyewe na kuondoka na sauti kimyakimya.

Cheza wimbo wako. Kama sauti imerudi, umeshamjua mkosaji. Kiunganishe kifaa kimoja kimoja hadi uone ni kipi.

2. Jaribu hedifoni kwenye kifaa kingine.

Ichomeke kwenye simu. Ikiwa huko nako iko kimya au inalia upande mmoja, kompyuta haina kosa. Hatua hii wengi huiruka, wakamaliza jioni nzima kwenye mipangilio ilhali waya umekatika karibu na pini, mahali unapokunjwa kila siku.

Ukiwa hapo, itazame pini yenyewe na uhesabu mistari myeusi. Mistari miwili maana yake ni hedifoni ya kusikilizia tu. Mistari mitatu maana yake ina na maikrofoni. Kompyuta nyingi za siku hizi zina tundu moja linalopokea aina zote mbili. Zile zenye matundu mawili hutenga la kusikilizia na la maikrofoni, kwa hiyo tazama alama iliyo pembeni ya kila tundu. Pini iliyoingia tundu la maikrofoni haitakupa sauti hata ukibadilisha mipangilio yote.

3. Sukuma pini mpaka isikike ikijifunga.

Pini ikiingia sawasawa huhisi kama imeteleza na kukamatwa. Ganda gumu la kompyuta, stika nene, au plastiki pana ya pini vinaweza kuizuia isifike mwisho ikabaki nje kidogo tu, na hicho kidogo kinatosha kuharibu kila kitu.

Dalili yake ni ya kipekee: muziki unasikika kama uko mbali na ndani ya pipa, ala zipo, lakini sauti ya mwimbaji imetoweka. Ukisikia hivyo usiguse mipangilio. Mguso wa ardhi wa pini, yaani njia ya pamoja ya kurudishia umeme wa pande zote mbili, haujashika, hivyo kile kinachofanana kulia na kushoto, ambacho kwa kawaida ni sauti ya mwimbaji, kinajifuta. Sukuma zaidi, au toa ganda ujaribu tena. Kama pini imefika mwisho kabisa na hali ni ileile, hedifoni yako huenda ni ya mpangilio wa zamani uitwao OMTP, ambao umebadilishana nafasi ya maikrofoni na ya ardhi ukilinganisha na ule wa CTIA unaotumika sasa. Adapta ndogo ya kugeuza hulimaliza.

4. Fanya kipimo cha jina.

Kama utafanya hatua moja tu kati ya hizi zote, ifanye hii. Fungua orodha ya mahali sauti inapotokea na uitazame huku ukichomeka na kuchomoa pini polepole.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `mmsys.cpl`, bonyeza Enter. Dirisha litafunguka kwenye kichupo cha "Playback". Kwenye Mac, fungua "System Settings", kisha "Sound", kisha "Output". Kwenye Linux, fungua mipangilio ya sauti, au bora zaidi programu iitwayo `pavucontrol`, kichupo cha "Output Devices".

Sasa chomeka, subiri, chomoa, subiri. Utaona moja ya mambo haya:

- *Jina linabadilika kama inavyotakiwa.* Ukichomeka inakuja "Headphones", ukichomoa inarudi "Speakers". Tundu lako ni zima. Tatizo liko kwenye uchaguzi wa mfumo au kwenye programu. Endelea na hatua ya 5 na ya 6.
- *Umechomoa, lakini bado inasema "Headphones".* Kiswichi cha tundu kimekwama, au uchafu umekibana. Kompyuta inaamini kwa dhati kwamba hedifoni ipo, ndiyo maana spika zimenyamaza. Washa upya kwanza (hatua ya 7), kisha nenda kwenye usafi (hatua ya 8).
- *Umechomeka, hakuna kilichobadilika.* Ama pini haijafika mwisho, ama tundu ni chafu au limekufa, ama draiva haiongei vizuri na kadi ya sauti. Anza na 7, kisha 8, kisha 9.
- *Jina linarukaruka bila wewe kugusa.* Tundu limelegea. Mipangilio haitalitibu.

Jambo moja linalowachanganya watu kwenye Windows: kwenye kompyuta nyingi, spika na hedifoni ni kifaa kimoja kinachobadilisha jina. Ukiona kimoja tu kwenye orodha, usidhani kingine kimefutika. Na ndiyo sababu huwezi kuchagua spika wakati hedifoni imechomekwa, mpaka uchomoe.

Kwenye dirisha hilohilo la "Playback", tazama vipimo vya kijani vilivyo kando ya kila kifaa wakati wimbo unacheza. Vinavyopandashuka vinakuonyesha sauti inapelekwa wapi hasa. Vikicheza kando ya skrini ya HDMI, umepata jibu. Vikicheza kando ya spika na husikii kitu, mfumo umefanya kazi yake na kosa liko mbele yake, kwenye kiwango cha sauti, tundu au spika zenyewe. Visipocheza popote, programu ndiyo isiyotoa sauti.

5. Chagua mwenyewe pa kutokea sauti.

Windows 11: bonyeza Windows, Ctrl na V kwa pamoja. Orodha ya vifaa vya sauti itafunguka pembeni; bofya unachokitaka. Kama njia hiyo haifanyi kazi kwenye toleo lako, bofya alama ya spika kwenye kona ya chini kulia, kisha kishale kilicho kando ya kipimo cha sauti. Windows 10: bofya alama hiyohiyo ya spika, kisha jina la kifaa lililo juu ya kipimo.

Kama kifaa hakimo, rudi kwenye "Playback", bofya sehemu tupu kwa kitufe cha kulia, uweke tiki kwenye "Show Disabled Devices". Kikijitokeza kwa rangi iliyofifia, kibofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Enable", halafu "Set as Default Device". Si ajabu kukuta mtu alikizima kifaa miezi mingi nyuma akitafuta suluhisho la tatizo jingine.

Mac: chagua kifaa kwenye "Output", na uhakikishe tiki ya "Mute" haipo.

Linux: kwenye `pavucontrol`, chini ya "Output Devices", tazama mstari wa "Port". Huko unaweza kuchagua spika au hedifoni kwa mkono, na kando ya jina utaona kama mfumo unaiona hedifoni imechomekwa au la. Kisha fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `alsamixer`, bonyeza F6 uchague kadi yako ya sauti. Safu yenye herufi MM chini yake imenyamazishwa. Ifikie kwa vishale na ubonyeze M hadi zije OO. Sogea kulia hadi "Auto-Mute Mode". Ikiwa imewashwa, spika hunyamaza hedifoni inapoingia; ikiwa imezimwa, vyote viwili vitalia kwa pamoja. Nimekuta watu wenye spika zisizonyamaza wakidhani kadi imeungua, kumbe ni mstari huu mmoja tu. Ukimaliza, hifadhi kwa `sudo alsactl store`.

6. Kagua programu moja moja.

Wimbo unasikika kwenye hedifoni, lakini mkutano wa video unatokea kwenye spika. Au kinyume chake. Hapo mfumo hauna kosa. Programu za mikutano na za kuchezea michezo huwa na mipangilio yake ya sauti, na hushikilia kifaa ulichokichagua siku ya kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya programu husika, uchague kifaa cha mfumo, kwa kawaida huandikwa "Default" au "Same as System". Ukichagua jina la kifaa fulani, umeiambia ibaki hapohapo hata ukichomoa.

Windows nayo hukumbuka kila programu ilipelekwa wapi. Kwenye Windows 11, nenda "Settings", "System", "Sound", "Volume mixer". Fungua programu husika utazame "Output device", irudishe "Default". Chini ya ukurasa kuna kitufe cha "Reset" kinachosafisha chaguo zote kwa mkupuo. Kwenye Windows 10 ukurasa huo unaitwa "App volume and device preferences".

Halafu funga programu kabisa na uifungue upya. Programu iliyofunguliwa kabla hujachomeka hedifoni wakati mwingine hushikilia njia ya zamani mpaka ifungwe. Kivinjari pia: funga madirisha yake yote, kufunga kichupo kimoja hakutoshi.

7. Washa upya, na uwashe upya kweli.

Kwenye Windows chagua "Restart", usichague "Shut down". Inaonekana kinyume, lakini kipengele cha Fast Startup hufanya kompyuta iliyozimwa ihifadhi sehemu ya mfumo na kuirudisha kama ilivyokuwa, pamoja na kosa lake. "Restart" ndiyo inayoanza upya kwa usafi. Mtu aliyekwambia "nimeizima na kuiwasha mara tano" huenda hajaiwasha upya hata mara moja.

Kama huwezi kuwasha upya kwa sababu una kazi wazi, anzisha upya huduma ya sauti peke yake:

- Windows: Windows na R, andika `services.msc`, tafuta "Windows Audio Endpoint Builder", bofya kwa kitufe cha kulia, "Restart". Itauliza kama ianzishe upya na "Windows Audio", kubali.
- Mac: fungua Terminal, andika `sudo killall coreaudiod`. Sauti itakatika kidogo na kurudi.
- Linux yenye PipeWire (huduma ya sauti ya Linux nyingi za sasa): `systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`.

8. Safisha tundu.

Huku ndiko ninakowaomba watu wafike kabla ya kugusa draiva. Vumbi la mfukoni na nyuzi za nguo hushikwa na pini, huingizwa tunduni, na kila ukichomeka unazishindilia zaidi. Mwisho zinakuwa kama kizibo: pini haifiki chini, au kiswichi hakirudi. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka mfumo upya, kazi ya siku nzima, na kosa likabaki palepale. Kijiti cha meno kilitoa donge la nyuzi dogo kuliko punje ya mchele, na spika zikalia.

Zima kompyuta kabisa na uchomoe chaja. Mulika ndani kwa tochi. Kwanza jaribu lililo rahisi: ingiza na kuchomoa pini mara kumi hadi ishirini, ukiizungusha taratibu. Mara nyingi kiswichi kilichokwama huachia kwa hilo peke yake. Kama bado, sokota pamba nyembamba sana kwenye ncha ya kijiti cha mbao, uizungushe ndani bila kusukuma, uitoe. Hewa ya kopo nayo inafaa: shika kopo wima, puliza kwa vipindi vifupi. Ukiona ukijani au ukutu, lowesha pamba kidogo kwa pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pangusa, kisha iache kompyuta ikauke vizuri kabla ya kuiwasha.

Makosa ya kuepuka hapa:

- Usitumie sindano, pini ya nguo wala kitu chochote cha chuma. Miguso ya ndani ni vipande vyembamba vya metali. Ukikipinda kimoja, tundu limekwisha.
- Usipulize kwa mdomo. Unaingiza unyevu.
- Usimimine kitu cha maji tunduni, hata kama ni pombe.
- Ukiona ncha ya pini imekatikia ndani, acha. Gundi kwenye kijiti ni njia inayosifiwa sana, na ndiyo inayogeuza kazi ndogo ya fundi kuwa kazi ya kubadilisha tundu.

9. Sasa ndiyo draiva.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows na X, chagua "Device Manager", fungua "Sound, video and game controllers". Kama tatizo limeanza mara tu baada ya sasisho, bofya kadi ya sauti kwa kitufe cha kulia, "Properties", kichupo cha "Driver", kisha "Roll Back Driver". Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna toleo la zamani la kurudia.

Vinginevyo chagua "Uninstall device", bila kuweka tiki kwenye kisanduku cha kufuta draiva, kisha "Restart". Windows itaiweka tena yenyewe. Ikiwa baada ya hapo jina la kadi linasomeka "High Definition Audio Device", umepewa draiva ya jumla. Hutoa sauti, lakini kwenye baadhi ya kompyuta haijui jinsi tundu lilivyounganishwa, na kuhama kwa sauti kukafa. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako, tafuta kwa jina kamili la modeli, upakue draiva ya sauti ya modeli hiyohiyo.

Onyo ambalo nisingependa ulipite: usipakue programu zinazodai kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nimeona zikiweka draiva ya kadi nyingine kabisa, na nimeona zikija na matangazo yasiyoondoka. Draiva ya sauti hutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta au kwa Windows Update, basi.

10. Kipimo cha mwisho: mfumo mwingine kwenye flashi.

Ikiwa bado huna jibu, weka Linux kwenye flashi, uiwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo na uchague kuijaribu, si kuiweka. Cheza sauti, chomeka, chomoa. Ikihama vizuri huko, vifaa vyako ni vizima na kosa liko kwenye mfumo wako wa kila siku. Ikigoma palepale, karibu hakika ni tundu au saketi yake. Kabla ya hapo, hakikisha una ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga diski) kama diski imefungwa nayo, kwa sababu ukibadilisha mipangilio ya kuwashia kompyuta unaweza kudaiwa ufunguo huo.

Visikizi vya Bluetooth vina tabia yao

Lalamiko kubwa ni hili: muziki ulikuwa mzuri, mkutano ulipoanza sauti ikawa kama ya simu ya zamani. Visikizi havijaharibika. Bluetooth ya kawaida haiwezi kubeba muziki wa ubora na maikrofoni kwa wakati mmoja. Maikrofoni ikiwashwa, inahamia njia ya mazungumzo, ambayo kwa kawaida huchukua sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 8,000 au 16,000 kwa sekunde badala ya 44,100 au 48,000. Tiba yake ni rahisi: kwenye programu ya mkutano, chagua maikrofoni ya ndani ya kompyuta, uviache visikizi visikilize tu. Kwenye Windows 10 utaona majina mawili ya kifaa kilekile. La muziki ni lile lenye "Stereo", la mazungumzo ni lenye "Hands-Free".

Kama vimeunganishwa lakini kimya, angalia kwanza kama havijashikwa na simu yako iliyo mezani. Vikigoma kabisa, vifute kwenye orodha ya Bluetooth ya kompyuta na uviunganishe upya kuanzia mwanzo.

Dalili na pa kurudi

*Upande mmoja tu unalia.* Zungusha pini taratibu. Ukisikia mkwaruzo na upande wa pili ukija na kuondoka, ni tundu au waya. Hatua ya 2 itakwambia ni kipi. Bila mkwaruzo, kagua uwiano wa kushoto na kulia kwenye mipangilio ya kifaa. Huwa unasogezwa kwa bahati mbaya.

*MacBook ya zamani, taa nyekundu inawaka tunduni, na sauti imeandikwa "Digital Out".* Tundu hilo lilibeba pia sauti ya kidijitali kwa njia ya mwanga, na kiswichi chake kimekwama upande huo. Ingiza na kuchomoa pini mara kadhaa taratibu hadi taa izime.

*Hedifoni ya USB-C au adapta yake haitambuliwi.* Adapta hizi ni za aina mbili. Ile yenye saketi ya kugeuza sauti ndani yake hufanya kazi kwenye kompyuta karibu zote. Ile ya waya mtupu hutegemea tundu linalotoa sauti ya analogi, na kompyuta nyingi hazina. Kufanya kazi kwenye simu yako si uthibitisho.

*Sauti inakuja lakini inashuka yenyewe ukipigiwa.* Kwenye `mmsys.cpl`, kichupo cha "Communications", chagua "Do nothing".

*Windows inauliza umechomeka nini, ukajibu vibaya.* Chomoa, chomeka tena. Isipouliza, fungua programu ya sauti iliyokuja na kompyuta, kwa mfano Realtek Audio Console, ubadilishe jibu huko.

*Tundu limekufa kweli.* Muulize fundi kwanza kama tundu la modeli yako liko kwenye kibao kidogo cha saketi cha pembeni au limechomelewa kwenye ubao mkuu. La kwanza hubadilishwa kwa urahisi. La pili linataka mkono uliozoea, na hapo ningefikiria mara mbili. Adapta ndogo ya sauti ya USB huchomekwa, hutambuliwa kama kadi mpya, na tundu bovu linasahaulika. Kama kinachokusumbua ni spika zilizonyamaza kwa sababu kiswichi kimekwama, mtumiaji wa Linux anaweza kuzima "Auto-Mute Mode", au kutumia programu ya `hdajackretask` kuiambia kadi kwamba tundu hilo halipo. Kwenye Windows, kagua programu ya sauti ya mtengenezaji kama ina mpangilio wa kutenganisha spika na hedifoni ziwe vifaa viwili. Si kila modeli inao. Ukiukuta, utaweza kuchagua spika mwenyewe hata kama tundu linaendelea kudai kwamba hedifoni imo ndani.